Nimeletewa notisi kisa nashona nyumbani, na leseni ninayo! Wajuzi wa mipango miji njooni

SindanoNaUzi
Wakuu habari za mchana. Naomba msinicheke maana hapa nilipo hata simu naishika kwa mikono miwili.

Nashona nyumbani mwaka wa nne sasa. Nilianza na cherehani moja ya miguu, nikaongeza ya umeme, mwaka jana nikajikusanya nikachukua ovaloki. Natumia kile chumba cha mbele ambacho zamani kilikua cha wageni, kuna binti mmoja anakuja kunisaidia, anaingia asubuhi anatoka jioni, basi. Sina bango, sina spika mlangoni, sina kelele za kupita kiasi (kwa jinsi ninavyojua mimi).

Sasa jana kaja kijana na kitambulisho shingoni kanipa karatasi imeandikwa "matumizi ya jengo yasiyoendana na ukanda wa makazi", ndani ya siku 30 niache au niombe kibali. Nikamwonyesha leseni yangu ya biashara iko pale ukutani kwenye fremu kabisa, nimelipia, haijaisha. Kaitazama kaniambia "dada, hiyo ni karatasi nyingine". Karatasi nyingine vipi jamani? Si ofisi moja hiyo hiyo iliyochukua hela yangu?

Naombeni msaada, na kama kuna aliyewahi kupitia hili aniambie aliishia wapi.

Kisiki
Wa kwanza kukaa. Pole dada. Na hilo jina lako na huu uzi vimeendana aisee.

JuaKaliSana
Kuna jirani kakuchoma hapo. Hao jamaa hawaendi nyumba kwa nyumba kutafuta cherehani, hawana mafuta ya hivyo. Kaa ufikirie nani ulimkosea.

SindanoNaUzi
@JuaKaliSana ndo ninachokifanya tangu jana, kila anayepita dirishani namwangalia usoni. Sijalala.

MpimaMstaafu
Dada pole, lakini huyo kijana kakuambia ukweli, karatasi ni nyingine. Nimefanya kazi hizi za mipango miji miaka mingi, na kesi ya namna yako nadhani ndiyo niliyokutana nayo kuliko zote, mtu ana leseni ukutani na bado yuko nje ya utaratibu, na hajui.

Leseni inajibu swali la NANI anafanya biashara gani na kodi yake iko wapi. Mpango wa matumizi ya ardhi unajibu swali la WAPI. Dirisha la leseni mara nyingi hawafungui ramani kabisa, wanaangalia fomu na malipo. Kwahiyo unaweza kuwa halali kwenye dirisha moja na haramu kwenye dirisha la pili, jengo moja, korido moja. Ni ujinga wa kiutawala, nakubali, ila ndivyo ilivyo karibu kila nchi.

Sasa jambo kubwa ambalo watu hawalijui: ukanda wa makazi haumaanishi biashara zote ni marufuku. Kanuni nyingi zina kifungu cha matumizi ya nyongeza, yaani nyumba ikibaki kuwa NYUMBA kwanza, na hiyo kazi ikawa ndogo pembeni yake, inaruhusiwa, wakati mwingine bila hata kuomba. Kwahiyo kabla hujafunga chochote, tafuta kanuni ya ukanda wako usome wanasemaje kuhusu shughuli za nyumbani. Usisome muhtasari, usimuulize mtu wa mlangoni. Soma kifungu chenyewe mpaka kwenye tafsiri za maneno, maana huko ndiko uchawi ulipo.

Nondo_za_Kitaa
Hizi sheria ni za kulinda matajiri tu wasisikie harufu ya watu wanaohangaika. Mtu kakodi fremu anashindwa, kahamia sebuleni kwake, mnamfuata hadi sebuleni. Ukimaliza hapo mtamfuata na jikoni?

MpimaMstaafu
@Nondo_za_Kitaa una nusu ya ukweli, na hiyo nusu sitakubishia. Mwaka 1885 mji wa Modesto kule California ulipitisha sheria kwamba dobi ziwe upande mmoja tu wa mji. Ukiisoma juu juu utasema ni usafi, lakini waliokuwa wanafua walikuwa Wachina na wengi walilala humohumo wanamofulia, hivyo kuihamisha dobi ni kumhamisha mtu mwenyewe. Mahakama ikaibariki. Wengine wanaihesabu kati ya sheria za kwanza kabisa za kugawa mji kwa matumizi kule Marekani. Kwahiyo ndiyo, mzizi wake una uchafu.

Lakini nusu nyingine ni hii. Kaa wewe ukuta kwa ukuta na fundi wa kupaka rangi magari halafu uje tuongee.

UkutaKwaUkuta
Mmenitaja bila kunitaja. Jirani yangu ana karakana nyuma ya nyumba, kuchomelea mageti. Alianza na geti la shemeji yake. Tukasema haya. Akaja rafiki wa shemeji. Sasa hivi Jumapili saa moja asubuhi ile grainda inaanza, wale mliowahi kuisikia mnajua, inaingia kwenye meno. Nguo nikianika zinarudi na vumbi la chuma lile la kutu. Mtoto wangu ana pumu. Nilienda kwa amani mara mbili, mara ya pili akaniambia "mimi natafuta riziki, wewe unatafuta usingizi". Nikaandika barua. Ndiyo, mimi ndo yule jirani mchomaji mnayemsema hapo juu, na ningeandika tena hata leo.

Simsemi dada wa cherehani, cherehani ni kitu kingine. Nasema tu mjue na upande huu una watu.

Kisiki
Hii sentensi ya riziki na usingizi imenikaa kooni.

SindanoNaUzi
@UkutaKwaUkuta pole sana, na sijakasirika, kiukweli umenifanya niulize swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Ovaloki yangu nikiikanyaga, meza inatetemeka, na ile meza imegusa ukuta wa jirani. Miaka yote naisikia kutoka upande wangu, upande wa pili sijawahi kukaa. Af oda zikibana nashona hadi saa tano usiku.

MpimaMstaafu
Hapo sasa umeanza kufikiri kama afisa. Mwaka 1926 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kesi ya kijiji kinaitwa Euclid, ndiyo iliyohalalisha kugawa miji kwa kanda kule, na jaji aliyeandika hukumu, George Sutherland, akasema kero inaweza kuwa ni kitu chema tu kilichokaa mahali pasipo pake, kama nguruwe sebuleni badala ya zizini. Miaka karibu 100 watu wa mipango bado tunaitumia hiyo nguruwe. Hakuna aliyesema nguruwe ni mbaya.

Sasa kwenye biashara ya nyumbani kinachopimwa siyo jina la kazi, ni kile kinachovuja nje ya kuta. Watu wangapi wanaingia, magari yanasimama wapi, kelele saa ngapi, harufu, mzigo umelundikwa uani au la, bango, wafanyakazi wasioishi hapo. Ukiwa ndani na hakuna kinachovuja, afisa mwenye akili hana kazi na wewe.

Laptop_Begani
Samahani naingilia kati. Mimi kazi yangu yote ni kompyuta, nahariri video za watu, hakuna mteja anayekuja. Na mimi natakiwa niombe kibali??

MpimaMstaafu
@Laptop_Begani sehemu nyingi hapana. Mfano Uingereza wana maswali manne tu ya kujiuliza. Je, nyumba itaacha kuwa makazi kwa sehemu kubwa? Magari na watu wanaokuja wataongezeka sana? Kuna shughuli isiyo ya kawaida kwenye mtaa wa makazi? Utasumbua majirani kwa kelele, harufu au saa zisizofaa? Ukijibu hapana yote manne kwa kawaida huhitaji ruhusa ya mipango. Wewe na kompyuta yako unajibu hapana hata ukiwa usingizini. Dada wa cherehani anajibu hapana tatu na "inategemea" moja.

Bi_Mkubwa_Mwenyewe
Lakini wewe wa kompyuta kasome mkataba wako wa pango kama umepanga. Mwanangu alitolewa kwenye fleti si kwa sheria ya mji bali kwa kifungu cha mkataba, "kwa makazi tu". Mji ulikuwa hauna habari naye kabisa.

WakiliMchovu
Bi Mkubwa kasema kitu ambacho nilikuwa nasubiri nikione. Watu wanadhani ruhusa ni moja. Zinakaa kama vitunguu, tabaka juu ya tabaka. Kuna sheria ya mji, kuna masharti ya hati ya kiwanja, kuna mkataba wa pango, kuna kanuni za wamiliki wa jengo kama ni fleti, na kuna bima (hii wote mnaisahau, soma bima yako ya nyumba kama ina kifungu cha shughuli za biashara, maana siku mashine inawaka moto ndo unaambiwa hukutakiwa kuwa nayo). Ukiwa na ruhusa ya tabaka moja haikupi ya tabaka lingine hata kidogo.

Mfano mzuri ni Houston, Texas. Mji mkubwa kabisa na hauna sheria ya kanda. Watu wakisikia hivyo wanadhani kule kila mtu anafungua anachotaka. Wapi! Viwanja vingi vina masharti kwenye hati kwamba ni makazi tu, na mji wenyewe unaruhusiwa kwenda mahakamani kuyasimamia. Wametoa mlango wakaacha dirisha lenye nondo.

SindanoNaUzi
Nyumba ni yangu, ya urithi. Hati nimeitoa leo kabatini nimeisoma mara ya kwanza tangu nizaliwe. Imeandikwa makazi, basi, hakuna maneno mengine.

Swali langu lingine, mimi nilikuwepo hapa kabla ya huyo jirani yeyote kuhamia. Hilo halina uzito?

WakiliMchovu
Lina uzito mdogo kuliko watu wanavyopenda. Kuna jamaa Los Angeles alikuwa na tanuri la matofali, aliliweka wakati pale ni nje ya mji, mashamba. Mji ukakua ukamfuata, nyumba zikamzunguka, kisha ukapitisha sheria hakuna kuchoma matofali eneo lile. Akasema ardhi yake ilikuwa na thamani ya dola 800,000 kwa udongo uliopo na sasa imebaki 60,000. Kesi ilifika mahakama hiyohiyo ya juu kabisa ya Marekani, mwaka 1915 akashindwa. Na yeye ndiye aliyetangulia, hakuna ubishi.

Siku hizi sheria nyingi zina huruma kidogo, zinatambua matumizi yaliyokuwepo KIHALALI kabla kanuni haijabadilika. Neno ni kihalali, na kanuni, siyo jirani. Kwamba jirani kakukuta siyo hoja. Kwamba kanuni imekukuta, hapo tunaweza kuongea. Wewe umeanza miaka minne nyuma, kanuni yako ina umri gani?

SindanoNaUzi
Imenizidi umri mimi.

WakiliMchovu
Basi iache hiyo.

JuaKaliSana
Mimi nasema kaa kimya. Hao watu wana makaratasi elfu, wanasahau. Zikifika siku 30 hakuna atakayekuja.

WakiliMchovu
@JuaKaliSana usimpeleke dada wa watu shimoni. Kukaa kimya ndiyo njia ya uhakika ya kupoteza kesi uliyokuwa unaishinda. Notisi zina saa ndani yake. Mfano Uingereza hiyohiyo, notisi ya kukuzuia matumizi inaanza kufanya kazi baada ya siku zisizopungua 28, na rufaa lazima iingie KABLA ya hiyo siku, ukikata rufaa notisi inasimama ikisubiri. Ukichelewa siku moja, hata kama afisa alikosea anwani ya mtaa, unabaki unalia tu. Kila nchi ina siku zake lakini tabia ya notisi ni ileile.

Na hesabu siku kuanzia tarehe ya kupokea au ya kuandikwa? Angalia karatasi yako inasemaje, usikisie.

SindanoNaUzi
Imeandikwa "kuanzia tarehe ya barua". Barua imeandikwa siku tisa kabla haijanifikia!! Kwahiyo nina 21 siyo 30. Nashukuru sana kaka, ningejua hilo lini mimi.

Nondo_za_Kitaa
Unaona sasa. Siku tisa barua imelala mezani kwa mtu, halafu haraka iwe ya fundi cherehani.

Ghorofa_ya_Tatu
Wakuu mimi naomba kujua kitu kimoja, huko nchi za wenzetu fundi nguo anaruhusiwa kushona nyumbani au la? Maana kila siku tunaambiwa wenzetu wenzetu.

MpimaMstaafu
Swali tamu hili, ngoja nikae vizuri.

Japani. Ukanda wao mkali kuliko yote, ule wa nyumba za chini peke yake, unaruhusu nyumba iwe na duka au ofisi ndani yake, mradi nusu ya nyumba au zaidi ibaki makazi na sehemu ya biashara isizidi mita za mraba 50. Na wametaja kazi moja moja, kinyozi yumo, saluni imo, darasa la masomo ya ziada limo, na FUNDI NGUO YUMO. Ila wakaweka sharti ambalo nililipenda siku ya kwanza nilipolisoma, ukitumia mota jumla ya nguvu zake isizidi kilowati 0.75. Hawakusema "fundi mdogo" wala "fundi asiyesumbua", maneno ambayo kila afisa atayatafsiri anavyoamka. Wamesema 0.75. Dada geuza mashine zako uangalie kile kibati cha mota, kimeandikwa wati ngapi.

Ujerumani wao wanaangalia aina ya kazi. Wenye taaluma huru, daktari, wakili, mbunifu wa majengo, wanaruhusiwa vyumba vya kazi hata kwenye ukanda wa makazi matupu, lakini ni vyumba, siyo kumeza jengo zima. Fundi wa mikono anakuta mlango wake ni mwembamba kuliko wa wakili. Hapo Nondo ana haki ya kunung'unika.

New York ndiyo kichekesho. Kwa miaka mingi sheria yao ya kazi za nyumbani ilikuwa usizidi asilimia 25 ya nyumba na isivuke futi za mraba 500, yaani kama mita 46 hivi, mfanyakazi wa nje mmoja. Halafu wakawa na orodha ya kazi zilizokatazwa kabisa nyumbani. Kinyozi, saluni, haya tunaelewa, watu wanaingia na kutoka. Lakini kwenye orodha hiyohiyo walikuwemo mpambaji wa ndani na wakala wa matangazo! Mtu anakaa na penseli, anachora kochi, ni marufuku, wakati mwalimu wa muziki anaruhusiwa na piano lake, na piano mnalijua. Juni 2024 ndiyo wakaifumua, sasa ni hadi asilimia 49 ya nyumba, wafanyakazi wa nje hadi watatu, na ile orodha ya ajabu imekwenda na maji.

Kwahiyo unaona hakuna ukweli mmoja ulioshuka kutoka mbinguni. Ni watu walikaa mezani wakachagua namba.

Ghorofa_ya_Tatu
Asante mzee, hii ndo sababu sijafuta akaunti humu.

SindanoNaUzi
Nimegeuza mashine. Ya umeme ni ile ya kiwandani, mota yake wati 400. Ovaloki wati 400. Nikiwasha zote mbili niko 800. Japani ningefungwa kwa wati 50!!! 😂

Kisiki
Hahaha zima moja binti aende kula.

Nondo_za_Kitaa
Ya miguu haihesabiwi, hiyo mota yake ni ugali

UkutaKwaUkuta
Dada kama hutajali ushauri kutoka upande wa pili wa ukuta. Ile meza itoe ukutani, hata kiganja kimoja tu. Weka vipande vya mpira mzito chini ya miguu yote minne, vile vya tairi kuukuu. Sauti ya hewani ikifika kwa jirani ni ndogo, kinachomuua ni ule mtetemo unaopita kwenye tofali. Mimi nililala na mto kichwani miezi mitatu nikisikiliza sauti ambayo hata haikuwa inapita hewani.

WakiliMchovu
Na kabla hujajitetea nenda kaombe uone faili. Usijitetee kwa kosa ambalo hujalijua. Notisi inasema "matumizi yasiyoendana", hiyo ni sanduku, ndani yake kunaweza kuwa na chochote. Nimewahi kumsimamia mteja akaja na mashahidi wanne kuthibitisha hana kelele, kumbe lalamiko lilikuwa maji ya sabuni kwenye mtaro.

SindanoNaUzi
Sawa kesho asubuhi naenda. Nitaleta mrejesho.

JuaKaliSana
Tunasubiri jina la jirani

SindanoNaUzi
MREJESHO 1

Nimeenda. Nimekaa kwenye benchi kuanzia saa mbili hadi saa sita kasoro, dirisha la kwanza wakanipeleka la tatu, la tatu wakanirudisha la kwanza, mwisho akatoka mama mmoja mtu mzima kaniuliza "wewe ndo wa cherehani?" kama vile wananijua ukoo mzima. Kafungua faili. Jina la mlalamikaji limefunikwa, sikuliona na nikaona hata nisiulize.

Sasa sikilizeni. Lalamiko HALISEMI CHEREHANI KABISA. Hakuna neno kelele hata moja! Linasema "vyombo vya moto vinasimama mbele ya geti la jirani mchana kutwa na kupiga honi". Ni pikipiki wakuu. Wale vijana wanaokuja kuchukua oda kupeleka kwa wateja. Wanafika, wanapiga honi, mimi niko ndani na ovaloki sisikii, wanapiga tena. Na wanasimama pale kwa jirani kwasababu pana kivuli cha mti.

Miaka yote hiyo mimi najitetea moyoni kwamba wateja wangu hawaji nyumbani. Ni kweli hawaji. Wanatuma pikipiki.

Kisiki
DAH.

MpimaMstaafu
Nilisema kinachovuja. Na hii ndiyo sura mpya ya tatizo, kanuni nyingi ziliandikwa wakati "mteja" ni mtu anayetembea kwa miguu au gari lake. Zinahesabu wageni. Hazikuwaza duka ambalo haliingiwi na mtu hata mmoja lakini lina pikipiki kumi na tano kwa siku. Mtu anayeuza onlaini kutoka chumbani anaweza kuleta msongamano kuliko mwenye fremu.

Sasa dada hapo una mwanga. Usiende kuomba kubadili matumizi ya kiwanja, watu watakushauri hivyo na watakuingiza gharama bure. Kubadili matumizi ni kuigeuza nyumba yako kwenye ramani iwe kitu kingine, na kuna mambo yanafuata nyuma yake ikiwemo kodi ya ardhi. Wewe unaomba ruhusa ya shughuli ya nyumbani yenye masharti, nyumba inabaki nyumba. Kwenye maombi andika mwenyewe masharti unayoyaweza, usisubiri wakuandikie. Afisa akikuta mtu kajiwekea mipaka anakuwa na kitu cha kusaini.

WakiliMchovu
Naunga mkono kila neno. Na masharti uyaandike kwa namba kama Wajapani wa mzee hapo juu. "Sitasumbua" siyo sharti, ni sala. Andika mashine ngapi, chumba kina mita ngapi, saa ya kuanza, saa ya kuzima, msaidizi mmoja, pikipiki zinakuja muda gani na zinasimama wapi.

Nondo_za_Kitaa
Mimi bado nasema mwenye gari kubwa akipokea wageni ishirini wa sherehe kila wikiendi na magari yao hakuna notisi. Pikipiki za fundi ndo zinaonekana.

MpimaMstaafu
Na mimi bado sikubishii.

Laptop_Begani
Mi nimeenda kusoma mkataba wangu wa pango kama Bi Mkubwa alivyosema. "Kwa makazi tu". Nimeurudisha kwenye droo taratibu.

Bi_Mkubwa_Mwenyewe
Usiurudishe kwenye droo, muombe mwenye nyumba akuandikie mistari miwili wakati bado mnachekeana. Siku mkigombana hataandika.

SindanoNaUzi
MREJESHO 2 (samahani nimepotea wiki tatu)

Niliandika barua kama mlivyoniambia, ukurasa mmoja, nikaambatanisha mchoro wa nyumba niliochora mwenyewe kwa rula ya kupimia vitambaa. Waliniletea mkaguzi siku ya 17, mama yule yule wa faili pamoja na kijana wa mwanzo. Kijana kapima chumba, mita 14 za mraba, nyumba nzima 71. Kapiga hesabu kwenye simu, kasema chini ya robo, kaandika. Mama hakupima kitu. Kaniambia washa zote. Nikawasha, binti kwenye ovaloki mimi kwenye ile nyingine, mama akatoka nje, akaenda kusimama upande wa jirani chini ya ule mti, kakaa pale kama dakika tano hivi kaangalia angani. Moyo wangu mnaujua. Kurudi kauliza "mlikuwa mmewasha?"

Ule mpira wa tairi ndugu yangu @UkutaKwaUkuta Mungu akubariki. Meza haigusi ukuta tena na hata glasi ya maji ikiwa juu haitikisiki.

Kibali wamenipa cha mwaka mmoja mmoja, na masharti yao ni yale yale yangu wameyachapa tu vizuri, kasoro mawili. Mimi niliandika kuzima saa mbili usiku wao wamekata hadi saa kumi na mbili jioni, hapo nimeumia kidogo maana oda za sherehe zinashonwa usiku. Na pikipiki nilisema zisimame kwangu ndani ya geti, wakaongeza kwamba oda zitoke mara mbili tu kwa siku, saa nne na saa tisa. Nilidhani nitapoteza wateja, kumbe vijana wenyewe wamefurahi, wanakuja mara moja wanabeba sita.

Aliyenilalamikia sijamjua na nimeacha kutafuta. Ila juzi mmoja wa majirani kanisalimia vizuri sana, kuliko kawaida, nikabaki nimesimama na ndoo.

UkutaKwaUkuta
Nimefurahi sana. Wa kwangu bado anagrainda.

WakiliMchovu
Saa kumi na mbili unaweza kuomba iongezwe ukihuisha mwaka kesho, ukienda na mwaka mzima bila lalamiko. Tunza kila karatasi. Na weka tarehe ya mwisho kwenye simu mwezi mmoja kabla, hizi ruhusa za mwaka huwa zinawafia watu mikononi.

Kisiki
Na bango wamekuruhusu?

SindanoNaUzi
Wameniruhusu, lisizidi ukubwa wa daftari lililofunguliwa na lisiwe na taa. Nimelipaka rangi mwenyewe jana. Binti anasema herufi za mwisho zimebanana, nami naziona, ila ubao ndo umeisha.